Njozi ya Haki na Mtihani wa Kurejea: Uhakiki wa Kusadikika kutoka Mpakani Manyovu

Mwaka 1951 ulipitishwa mjini Geneva Mkataba wa Hali ya Wakimbizi. Mwaka huohuo ilichapishwa riwaya ya Shaaban Robert, Kusadikika. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hiyo kama istiari ya utawala wa kikoloni. Usomaji huo una mashiko, lakini unaacha kando swali ambalo mpaka wa Manyovu unaliuliza kila mara: aliyeondoka akirudi kwao, atapokewaje?

Kusadikika ni nchi iliyo angani. Humo Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alitumwa ugenini, akaona mema ya huko, akarudi na mapendekezo ya kuifaa nchi yake, na malipo yake yakawa kifungo. Hivyo basi, njozi ya mwandishi haivunjiki ugenini. Inavunjikia nyumbani, siku ya kurejea.

Historia ya nyanda za juu za Kigoma inaupa usomaji huu uzito. Warundi walikimbilia huku baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwaka 1993, na tena katika mgogoro wa 2015. Kambi za Nyarugusu wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo ziliwahifadhi wengi. Wengi pia wamekwisha kurejea. Ibara ya 33 ya Mkataba inakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai au uhuru wake umo hatarini kwa sababu kama vile dini au maoni yake ya kisiasa. Kwa kipimo hicho, wajumbe wa Kusadikika walirejea mahali pasipo salama, ingawa nchi yao haikuwa vitani. Ukimya wa silaha, peke yake, si amani.

Udhaifu wa riwaya umo katika hitimisho lake. Mfalme anamwachia huru Karama pamoja na wajumbe. Haki inashuka kutoka kwenye kiti cha enzi kama hisani, na mwenye kutoa hisani aweza kuirudisha mkononi mwake. Hata hivyo, jibu la udhaifu huo limo katika shtaka lenyewe. Karama hakuomba huruma. Alitaka sheria ijulikane na watu wote. Pale raia anapoijua sheria na kuweza kuidai, ndipo hisani inapogeuka haki, na anayevuka mpaka kurudi kwao anakuwa na cha kushika zaidi ya ahadi.