Camp Lejeune: kipimo kilichoona kisichotafutwa

Mwaka 1980 maabara ya jeshi la nchi kavu la Marekani ilianza kupima maji ya bomba ya Camp Lejeune, kambi kubwa ya kikosi cha Marines huko North Carolina. Hakuna aliyekuwa akitafuta viyeyushi vya viwandani. Kanuni ya 1979 iliwataka wasimamizi wa maji wajue kiasi cha trihalomethani, kemikali zinazozaliwa pale klorini ya kuulia vijidudu inapokutana na masalia ya mimea majini. Kikomo kilikuwa mikrogramu 100 kwa lita.

Kromatografu ya gesi hupitisha mvuke wa sampuli katika mrija mrefu mwembamba. Kila kemikali hutokeza upande wa pili kwa wakati wake na kuchora kilele kwenye karatasi. Kwa bahati njema, kinachonasa trihalomethani hunasa pia kemikali nyingine zenye klorini. Katika sampuli za Hadnot Point, mtandao uliopeleka maji hospitalini, vilele vigeni vilijichomeka kati ya vile vilivyotarajiwa hata hesabu ikavurugika. Mkemia wa maabara aliandika onyo kwenye fomu za majibu, akarudia, na mapema 1981 akataja viyeyushi waziwazi. Visima viliendelea kusukuma maji.

Mwaka 1982 kazi ilikuwa mikononi mwa Grainger, maabara binafsi. Ilikumbana na vurugu ile ile, ila yenyewe ilivipa vilele majina: trikloroethilini Hadnot Point, tetrakloroethilini Tarawa Terrace, makazi ya familia za askari. Ya kwanza huondoa grisi kwenye vyuma. Ya pili hutumiwa na madobi wanaosafisha nguo bila maji, na dobi wa namna hiyo alikuwa jirani na visima vya Tarawa Terrace.

Tarakimu zenyewe ndizo zilizopotosha. Mei 1982 bomba la hospitali lilitoa mikrogramu 1,400 za trikloroethilini kwa lita. Julai, mtandao huo huo ulionyesha 20 hivi. Anayesoma karatasi ya pili peke yake atalala usingizi. Lakini visima vilikuwa vikifanya kazi kwa zamu, na maji yake yakichanganywa kabla ya kufika bombani. Kisima kibovu kikipumzika, namba hushuka, kikiwashwa, hupanda. Kwa maoni yangu, baada ya tofauti kubwa kiasi hicho hatua ya kwanza ilikuwa kupima kila kisima peke yake, wiki hiyo hiyo. Ilisubiriwa hadi 1984, na visima vibovu vikaanza kufungwa mwishoni mwa mwaka huo. Februari 1985 kisima HP-651 kilipimwa: mikrogramu 18,900 za trikloroethilini kwa lita.

Uchukuaji wa sampuli nao una masharti yake, kwa kuwa viyeyushi hivi hupeperuka upesi. Chujio la mdomoni mwa bomba huondolewa, maji huachwa yatiririke kwanza, kisha hupunguzwa yawe uzi mwembamba usiotoa povu. Kichupa cha glasi cha mililita 40 hujazwa mpaka maji yatune juu ya mdomo, hufungwa, hupinduliwa na kugongwa kwa kidole. Kiputo kikionekana, sampuli ni ya kumwaga, maana sehemu ya kemikali imeshahamia kwenye hewa ile. Kisha barafu, na pembeni kichupa cha maji safi kinachosafiri safari nzima bila kufunguliwa, ili ijulikane kama uchafu umeingilia njiani. (Kwa sababu hiyo hiyo ya kupeperuka, anayechemsha maji haya jikoni huihamishia kemikali kwenye hewa anayovuta.)

Kikomo cha mikrogramu 5 za trikloroethilini kwa lita kilianza kutumika Marekani 1989. Cha tetrakloroethilini kikafuata, nacho 5. Kwa kuwa sampuli za zamani zilikuwa chache mno, shirika la serikali ya Marekani, ATSDR, lililazimika kuyarudisha maji nyuma kwa mahesabu: mwendo wa maji ardhini, kumbukumbu za pampu, mwezi kwa mwezi. Kwa Tarawa Terrace, makadirio yalionyesha kuwa tetrakloroethilini ilivuka kikomo hicho tangu Novemba 1957, zaidi ya miaka 20 kabla ya sampuli ya kwanza.