Sauti Isiyokimbia: Miriam Makeba, Televisheni na Wasikilizaji wa Mweiga

1.0 Utangulizi

Katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" (Mulika, 1989), Mulokozi anasisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hutawaliwa na kuwapo pamoja kwa fanani, hadhira, utungo, mahali na wakati. Msimamo huo umewasaidia wanafunzi wetu kuacha kuzichambua nyimbo kama kwamba ni mashairi yaliyosahauliwa kuandikwa. Hata hivyo, unatuachia swali ambalo uhakiki wa Kiswahili haujalijibu kikamilifu: je, tukio liko wapi pale fanani anapoimba Stockholm mwaka 1966 mbele ya kamera, na hadhira inayobishana juu yake imeketi Mweiga, katika kaunti ya Nyeri, zaidi ya nusu karne baadaye?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuuangalia utendaji mmoja: wimbo "Khawuleza" kama ulivyoimbwa na Miriam Makeba katika ukumbi wa Berns Salonger, Stockholm, mwaka 1966, na kunaswa na televisheni ya Uswidi. Tutajaribu kuonyesha mambo mawili. Kwanza, utulivu wa utendaji huo, ambao baadhi ya wapenzi wa Makeba huuona kuwa udhaifu, ndio unaobeba maana yake. Pili, ubishi wa wapenzi hao ni uhakiki kamili, na mhakiki wa chuoni ana la kujifunza kutokana nao.

2.0 Wimbo na Mwimbaji

"Khawuleza" ulitungwa na Dorothy Masuka, mwimbaji wa jazi aliyezaliwa Bulawayo mwaka 1935 na kufariki mwaka 2019. Neno lenyewe, katika Kixhosa, ni amri: harakisha. Makeba anapoutambulisha wimbo huu kwa hadhira ya Stockholm anaeleza, kwa Kiingereza, kwamba umetoka katika mitaa ya Waafrika nchini mwake, ambako watoto wakiyaona magari ya polisi yanakuja kufanya msako huwapigia mama zao kelele wafanye haraka wasije wakakamatwa.

Maelezo hayo ni mafupi, na yanaacha mengi bila kusemwa. Hayasemi kwamba misako ya aina hiyo ilikuwa ya kutafuta vitambulisho vya kupita na pombe ya kienyeji. Wala hayasemi kwamba mamake Makeba mwenyewe alifungwa miezi sita kwa kosa la kupika pombe, na kwamba Makeba, aliyezaliwa mwaka 1932, aliingia gerezani naye akiwa mtoto wa siku 18. Hayasemi pia kwamba mwaka 1960 mwimbaji huyu alizuiwa kurudi nyumbani kumzika mama huyo, au kwamba baada ya kuzungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963 alinyang'anywa uraia na muziki wake ukapigwa marufuku Afrika Kusini. Mtu anayejua habari hizi hawezi kulisikia neno "mama" katika wimbo huu kama kiitikio tu. Lakini Makeba hamlazimishi mtazamaji kuzijua. Anautaja mtaa, gari, mtoto na mama, kisha anaimba.

Kuna kejeli nyingine ya kihistoria ambayo haina budi kutajwa. Afrika Kusini haikuwa na televisheni ya taifa hadi mwaka 1976. Kwa hiyo Waswidi waliweza kumtazama Makeba akiimba juu ya mtaa ambao wakazi wake wasingeweza kumwona, hata kama serikali yao isingalikuwa imempiga marufuku.

3.0 Fani: Amri ya Haraka katika Sauti ya Taratibu

Makeba alilelewa kisanaa katika jazi ya mijini ya Afrika Kusini: aliimba na Manhattan Brothers, kisha na Skylarks, na mwaka 1959 akashiriki katika mchezo wa nyimbo uitwao King Kong. Mwaka huohuo alifika Marekani akaonekana katika televisheni ya huko. Mwaka 1966 aliambatana na kundi dogo la wapigaji, akiwamo Sivuca wa Brazili. Udogo wa kundi hilo ni sehemu ya fani. Hapana ukuta wa ala za kupuliza wa kumficha mwimbaji, na kila pumzi inasikika.

Tukiuchambua utendaji huu kifani, jambo la kwanza linalojitokeza ni kinzani baina ya neno na mwendo. Neno linaamuru haraka, lakini sauti haikimbii. Makeba analirudiarudia neno lilelile, na kila linaporudi linapata uzito mwingine. Mara ni la mtoto aliyeona jambo, mara la mtoto anayeogopa kwamba hajasikiwa, mara la mtu mzima anayemkumbuka mtoto huyo. Hata pale sauti inapopanda hairuhusiwi kugeuka ukelele. Hii ni mbinu ya jazi katika maana yake ya ndani: mwimbaji halazimiki kuligonga kila pigo, bali hulizungukia, akaacha nafasi ambayo msikilizaji huijaza mwenyewe.

Katika uchambuzi wa kawaida wa "fani na maudhui" tungeweza kusema kwamba fani hapa inapingana na maudhui. Usemi huo haufiki mbali. Maudhui ya wimbo huu ni msako, bali pia ni msako uliozoeleka, unaorudi wiki baada ya wiki, hata watoto wakawa na kazi yao maalumu katika ulinzi wa nyumba. Hofu ya namna hiyo haina sura ya mshtuko wa mara moja. Ina sura ya mazoea. Sauti ya taratibu inalisema hilo kwa ukamilifu kuliko ambavyo kilio kingelisema.

4.0 Upeo wa Matarajio wa Mweiga

Mweiga ni mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Nyeri kwenda Nyahururu, baina ya msitu wa Aberdare na nyanda za Kieni. Msikilizaji wa hapo anamfahamu Makeba hasa kwa "Malaika". Wachache wanakumbuka kwamba "Malaika" na "Khawuleza" zote zimo katika sahani moja, ile aliyoitoa na Harry Belafonte mwaka 1965, iliyowapatia tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Wimbo wa mapenzi ukawa mali ya kila harusi ya Kenya. Wimbo wa msako ukabaki kwa wachache wanaomfuatilia mwimbaji mwenyewe.

Wapenzi hao, wanapozungumza juu ya picha za Stockholm, hugawanyika katika mikondo miwili. Wa kwanza hulalamika kwamba Makeba amejizuia mno. Wao huuliza inawezekanaje mtu aimbe juu ya polisi wanaovunja milango na watazamaji wabaki wameketi kwa adabu. Nadharia ya upokezi, hasa dhana ya Jauss ya upeo wa matarajio, inatusaidia kuuelewa mkondo huu. Masikio ya eneo hili yamelelewa na kwaya za kanisani na mugithi. Mugithi, ambao jina lake la Kikuyu lina maana ya gari moshi, unamtaka msikilizaji ainuke, ashike mabega ya mwenzake na kuingia katika mstari. Wimbo mzuri, kwa kipimo hicho, ni ule unaomwinua mtu kitini. "Khawuleza" ya Stockholm haimpi msikilizaji nafasi hiyo. Inamwacha pale alipo.

Mkondo wa pili husema kinyume, na hoja yake hutoka katika historia ya mahali. Hali ya hatari ilipotangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, Nyeri ilikuwa kitovu cha mapambano. Kiwanja cha ndege cha Mweiga kilitumiwa na ndege za Harvard za jeshi la anga la Uingereza kuushambulia msitu. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na homugadi, na wanawake wakachimbishwa mahandaki hayo kwa nguvu. Kwa wale waliokuwa watoto katika vijiji hivyo, mtoto anayemwonya mama kwamba askari wanakuja si mhusika wa kubuni. Nao hukumbuka, kama watu wengi waliopitia msako hukumbuka, kwamba onyo lenye manufaa ni lile linalomfikia mama bila kumfikia askari. Kwa msikilizaji huyu, kujizuia kwa Makeba si adabu ya ukumbini hata kidogo. Ni namna ya kusema ambayo ameijua tangu utotoni.

Mkondo huu una mizizi pia katika utungaji wa eneo lenyewe. Muthirigu, wimbo-ngoma uliovuma katika nchi ya Wakikuyu mwaka 1929 na 1930, ulikejeli wamishenari na serikali waziwazi, na serikali ikaupiga marufuku. Watunzi waliofuata walijifunza somo. Baadaye Joseph Kamaru (1939–2018) alijijengea jina kwa mafumbo ambayo mwenye masikio aliyaelewa na mwenye mamlaka alishindwa kuyashika. Anayemsikiliza Makeba kutoka ndani ya utamaduni huu hahitaji kuambiwa kwamba sauti ya chini yaweza kuwa na makali.

5.0 Pingamizi

Je, mkondo wa pili hauupi wimbo maana isiyokuwamo? Pingamizi hili lina nguvu, na hatuna budi kulijibu. Msikilizaji wa Mweiga hajui Kixhosa. Anachokielewa ni utangulizi wa Kiingereza, amri moja inayorudiwa, na neno "mama", ambalo halihitaji tafsiri. Mengine yote anayaleta mwenyewe. Tena, mtaa wa Afrika Kusini na kijiji cha hali ya hatari si kitu kimoja. Kuvichanganya ni kuwadhulumu watu wa pande zote mbili, kwa kuwa kila upande ulikuwa na sheria zake, hesabu zake za wafu na namna yake ya kuokoka.

Jibu letu ni kwamba utendaji wenyewe umeacha mlango wazi. Lau Makeba angeliusimulia msako kwa kirefu, kwa majina ya mitaa na tarehe, msikilizaji wa mbali angebaki mgeni anayehurumia. Kwa kutaja machache na kuimba kwa kujizuia, anamwachia kila aliyewahi kuvunjiwa mlango nafasi ya kuingia na mlango wake. Ufananisho wa Mweiga, basi, si kosa la usomaji, mradi msomaji akumbuke kwamba ni ufananisho.

Mkondo wa kwanza nao usipuuzwe. Swali lake juu ya watazamaji walioketi ni swali la kimaadili: mateso yakiimbwa kwa uzuri, katika ukumbi wa starehe, je, hayageuki kuwa starehe yenyewe? Kamera ya televisheni inaongeza uzito wa swali hilo, maana inampa mtazamaji uso wa mwimbaji kwa karibu bila kumdai chochote. Utulivu wa Makeba haulifuti swali hili. Tunachoweza kusema ni kwamba unakataa kulirahisisha: hampi mtazamaji machozi ya kumfanya ajione mwema, wala kilele cha kupigia makofi ili ajisikie ameshiriki. Wimbo unapokwisha, mama bado hajulikani kama alikimbia kwa wakati.

6.0 Hitimisho

Tuliuliza tukio liko wapi. Kutokana na mjadala huu, yafaa kusema kwamba sifa alizozitaja Mulokozi hazijatoweka katika utendaji wa televisheni, ila zimetawanyika. Fanani na utungo vimebaki Stockholm mwaka 1966. Hadhira, mahali na wakati huzaliwa upya kila picha zinapotazamwa. Kwa hiyo mhakiki anayechambua utendaji wa aina hii akaishia katika picha zenyewe amechambua nusu ya tukio.

Nusu ya pili iko katika ubishi wa wapenzi. Anayesema kwamba Makeba amejizuia mno na anayesema kwamba kujizuia huko ndiko ukweli wote wanafanya kazi yetu, nao wanaifanya kwa kigezo ambacho vitabu vyetu havina: kumbukumbu ya mwili na ya mahali. Wale waliokuwa watoto katika vijiji vya mwaka 1954 sasa ni wazee sana, na kila mwaka idadi yao inapungua. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za utafiti wa uwandani katika nyanda za Mlima Kenya wangefanya vyema kuwapelekea nyimbo hizi wazee hao, na kuandika wanachosikia wao, kabla uwezekano huo haujatoweka.