Jina la bidhaa haliingii kwa kelele

Kuna ubishi unaorudi kila mara tukikaa pamoja: jina la bidhaa, je, linastahili ukurasa wake kwenye Wikipedia? Wamoja wanasema, «Ile iko piblisite tu, itoke.» Wengine wanajibu, «Kama batu bote banaitumia, iingie.» Mimi naona pande zote mbili zinakosea.

Tuchukue jina Retina. Mwaka 2010 Apple ilitoa iPhone 4 na kioo chake ikakiita hivyo. Steve Jobs alisema kwamba mtu akishika simu umbali wa sentimeta 25 hadi 30 hivi, jicho haliwezi tena kutenganisha nukta zikifika karibu 300 kwa inchi moja. Kioo kile kilikuwa na 326. Hapo bado tuko kwenye maneno ya muuzaji, na hakuna muuzaji sokoni anayesema ndizi yake imeoza.

Kilichobadilisha mambo ni watu wa nje ya Apple. Raymond Soneira, mtaalamu wa kupima vioo vya elektroniki, alipinga: kwa jicho lenye nguvu kamili, hesabu ile haitoshi. Phil Plait, mtaalamu wa elimu ya nyota, akafanya hesabu yake na kujibu kwamba kwa macho ya watu wa kawaida Jobs hakukosea. Tangu pale jina lilikuwa na hoja na wapinzani. Mtu anaweza kuandika ukurasa mzima bila kunakili mstari hata mmoja wa tangazo. Kwangu, Retina ilistahili kwa sababu ya ubishi ule, si kwa sababu kampuni ni kubwa.

Njo sheria ya Wikipedia yenyewe: jambo liwe limeandikwa kwa urefu, katika vyanzo vya kuaminika, na watu wasio na mkono katika biashara ile. Tangazo ambalo kampuni inawatumia waandishi wa habari halihesabiwi. Tena kuna kitu wengi wanasahau: kutumia neno si sawa na kuandika juu ya neno. Maduka mia yanaweza kupaka jina fulani ukutani, na bado hakuna mtu aliyelichunguza. Jina la namna hiyo litiwe ndani ya ukurasa wa kampuni, mistari miwili mitatu, basi.

Hapo sheria inaanza kutuuma sisi. Angalia chukudu. Goma kila mtu anaijua: ile trotineti kubwa ya mbao, gurudumu zake zimevikwa mpira wa matairi ya zamani, inashuka na magunia ya makala na viazi. Hata sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama mjini. Leo chukudu ina ukurasa. Lakini kuisukuma kila siku pekee kusingetosha; ilihitaji watu waandike juu yake, na kati ya walioandika kuna waandishi wa kigeni waliopita Goma kwa muda tu.

Sasa fikiria mbabula ya mama nyumbani. Fundi gani alimfundisha fundi gani? Anatoa wapi mabati? Kwa nini umbo lile na si lingine? Wazee wetu wanajua byote hivyo, lakini mzee hawezi kutajwa chini ya ukurasa kama chanzo.

Kuna wenzetu wanasema sheria ile inatuonea, ilegezwe. Nakubali nusu: inapima karatasi, na elimu yetu nyingi iko mdomoni. Lakini tukiilegeza, wa kwanza kupita hatakuwa fundi wa mbabula. Watapita wenye pesa za piblisite, na kila sabuni na kila bia itakuwa na ukurasa wa kujisifu. Ukuta unaotuzuia njo ule ule unaotukinga.

Basi kazi iko kwetu. Tumeandika TFC, tumeandika memwari, tumetetea mbele ya baprofesa, watu wakapiga makofi, kisha karatasi zikalala kwenye kabati ya inivesite. Tusijidanganye: TFC peke yake haikubaliwi kirahisi kama chanzo, kwa sababu haijapitia macho ya watu wa nje. Lakini ukichukua sura moja nzuri, ukaisafisha na kuipeleka kwenye jarida la inivesite au gazeti lenye wahariri, hapo mambo yanabadilika. Mwingine atakuja kuitaja, si wewe mwenyewe.

Mbele ya kulia kwamba maneno yetu hayamo, tujiulize: kwa jina lile ninalolitetea, nani ameandika kurasa tatu za maana asizolipwa na muuzaji? Kama hakuna, usifungue ukurasa leo. Chukua kalamu, uende kwa fundi.