Chipu Inapohama Boksi

Kwenye Honda Civic za mwaka 1992 hadi 1995, kompyuta ya injini imejificha ubavuni, chini ya kapeti, pale abiria wa mbele anapoweka miguu. Ni boksi la alumini, na kama gari ni lile la VTEC la lita 1.6 lililouzwa Marekani, lebo yake itasoma P28. Boksi hili ndilo linaloamua nozeli zifunguke kwa muda gani na plagi zipige cheche wakati gani. Waliotaka injini ivute kuliko ilivyotoka kiwandani walijifunza kulipa chipu ya nje yenye hesabu mpya. Boksi likiingia maji, au gari likiuzwa, chipu hiyo huhamishiwa boksi jingine. Ukiitazama kwa mbali ni kazi ndogo. Kwangu ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa zinazofanyika juu ya meza ya fundi, na nzuri zaidi ni sehemu zake ambazo mteja hazioni.

Fundi anayejiheshimu haanzi na chuma cha kulehemu. Anaanza na maswali. Boksi jipya ni la nini? P06, kwa mfano, linafanana na P28 hata bodi yake, lakini lilitengenezwa kwa injini isiyo na VTEC, kwa hiyo halina vipande vya kuisukuma ile solenoidi ya VTEC. Ukiitia chipu ya P28 humo, programu itaagiza, na agizo halitafika popote. P72 nalo lina sehemu ya kusikiliza mlio wa injini inayogonga, ambayo P28 haina. Halafu nozeli. Chipu iliyopangiwa nozeli kubwa huzifungua kwa muda mfupi. Ukiipeleka kwenye injini yenye nozeli ndogo za kiwandani, muda ule ule utamwaga petroli pungufu, hewa itazidi, joto litapanda, na kama injini ina tabo, pistoni zinaweza kuyeyuka. Chipu huhama pamoja na masharti yake yote. Anayejua hilo ndiye ninayemwita fundi, hata kama mkono wake bado ni mzito.

Kisha inafunguliwa bodi, na hapo kuna jambo linalonifurahisha kila mara. P28 ilitoka kiwandani bila chipu ya nje, kwa kuwa programu yake imechapwa ndani ya prosesa yenyewe. Hata hivyo bodi ina nafasi tupu, matundu yamepangwa tayari, na alama zimeandikwa kwa wino mweupe: mahali pa chipu ya miguu 28, mahali pa chipu nyingine ya miguu 20, kapasita mbili C51 na C52, rezista R54, na waya mfupi J1. Kila kitu kinachotakiwa kilishachorewa makao.

Ile chipu ya miguu 20, 74HC373, inastahili kutazamwa kwa utulivu. Prosesa ina njia nane za umeme inazozitumia kwa kazi mbili: kwanza kutaja anwani ya tarakimu inayoitaka, kisha kuipokea tarakimu yenyewe. Bila msaada anwani ingefutika kabla jibu halijaja. 74HC373 huidaka anwani na kuishikilia, njia nane zikabaki wazi, na jibu likapita humo humo. Hili hutokea mara nyingi mno kwa sekunde, gari likiwa kwenye foleni au likikimbia barabara kuu, na mguu mmoja usioshika vizuri unatosha kulivuruga lote.

Ndiyo maana ulehemu wake hauna haraka. Matundu yalizibwa kwa risasi tangu kiwandani, na juu yake kuna vanishi ya kuzuia unyevu. Fundi anaikwangua taratibu, anaongeza risasi mpya kidogo ili ile ya zamani ilegee, kisha anainyonya kwa pampu. Matundu mengi hukubali mara moja. Yale yaliyounganishwa na sehemu pana ya shaba, yaani upande wa hasi, hukataa, kwa sababu shaba inakunywa joto lote. Hapa ndipo mikono hutofautiana. Asiye na subira hukandamiza, na kijipete cha shaba kinang'oka na kutoka na tundu lake. Mwenye subira anabadilisha ncha iwe pana, anaipasha bodi upande wa pili, anangoja risasi ing'ae yote kwa pamoja, ndipo ananyonya. Ukiinua bodi kwenye mwanga baada ya hapo, tundu linaonekana safi mpaka upande wa pili.

Chipu yenyewe yenye hesabu, ile ya miguu 28, hailehemiwi. Inapewa soketi, na soketi ya matundu ya duara huishika miguu vizuri zaidi gari linapotikisika. Lakini kabla ya kuing'oa kwenye boksi la zamani, fundi huisoma kwanza kwa mashine na kuweka nakala, maana chipu hizi zina umri. Zile za 27C256, zenye kilobaiti 32, ni za ukoo wa kumbukumbu aliyoibuni Dov Frohman pale Intel mwaka 1971: zina kidirisha cha kioo cha kwatzi juu, na mwanga wa urujuanimno ukipita hapo hufuta kila kitu. Taa maalumu huzifuta kwa dakika kama ishirini, na jua kali la moja kwa moja kwa takriban wiki moja. Kile kistika kinachobandikwa juu ya kidirisha ndicho kinachozilinda hesabu zote, na fundi makini haanzi kazi akikiona kimechanika.

Kuing'oa ni kuinua upande mmoja kidogo, kisha mwingine, kwa zamu, mpaka itoke ikiwa imenyooka. Kuirudisha ni kuangalia kile kijipengo kinachoonyesha upande wa mguu wa kwanza. Ukiigeuza na kuwasha, umeunguza.

Boksi likisharudi kwenye waya zake, swichi inafunguliwa bila kuwasha injini. Pampu ya petroli inanguruma kwa sekunde mbili hivi na kunyamaza, na taa ya injini kwenye dashibodi inawaka na kuzima. Ikibaki imewaka, programu haisomeki, na fundi anarudi mezani na multimita, mguu kwa mguu. Ikizima, bado hajamaliza: anapima moshi wa ekzosi injini ikibeba mzigo, aone petroli na hewa vimebaki vile vile kama kwenye boksi la awali.

Na boksi hilo la awali, kama lilikuwa zima, linabaki na soketi tupu. Fundi anaukata J1, ule waya mfupi ulioiambia prosesa isome nje, na prosesa inarudi kusoma programu iliyochapwa ndani yake kiwandani. Mnunuzi wa gari anaweza kuliwasha na kuondoka.