Mkasi wa Februari

Waliopita katika bustani ile ya Kent mwezi Juni walijionea: upinde wa chuma umefunikwa majani tele, yanang'aa, na waridi hakuna hata moja. Mwaridi wenyewe ni 'Albertine', ule ambao Juni iliyotangulia watu walisimama chini yake kwa zamu wakipiga picha. Si baridi iliyouponza, wala mdudu. Ni mkasi.

Tuurudie uamuzi ule polepole. Mtunza bustani alifika Februari akakuta matawi marefu ya kijani, mengine yakipita mita tatu, yamejilaza juu ya chuma kila moja na njia yake. Akaona vurugu. Akayashusha yote hadi usawa wa goti, kama anayepogoa mwaridi wa kichaka. Na mkato wenyewe, haki yake apewe, ulikuwa safi: mshazari, juu kidogo ya jicho, gome halikuchanika popote. Mkono hodari, kazi ya hasara.

Mwaridi mtambazi kama 'Albertine' huchanua mara moja kwa mwaka, tena juu ya matawi yaliyoota msimu uliopita. Vurugu ile ndiyo iliyokuwa Juni, imejikunja ndani ya macho madogo mekundu, na yote ilibebwa kwa toroli hadi kwenye moto. Anayetaka kupogoa mtambazi husubiri maua yanyauke, Julai au Agosti, kisha huondoa matawi makongwe mawili matatu toka chini na kufunga machanga mahali pake. Februari kazi ni kukaza kamba.

Haki nyingine apewe: samadi ilitandazwa vizuri, na waya ni imara.

Aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya maua ya Naivasha atauliza: kule si tunakata kila siku na maua yanakuja? Yanakuja, kwa sababu mawaridi yale ya kuuza huchanua juu ya chipukizi jipya. Ukikata, unaita jingine. 'Albertine' haiitiki wito huo. Ilizaliwa Ufaransa kwa akina Barbier, wakuzaji wa mawaridi, ikaingia sokoni mwaka 1921, na hadi leo haijabadili tabia. Safu hii imeshalalamika mara ngapi kuhusu vibandiko vya madukani vinavyoandika "mwaridi wa kukwea" kwa kila kitu chenye mwiba na urefu? Mnunuzi akishasoma hivyo, hudhani unapogolewa majira ya baridi, na mkasi unamngoja.

Kosa la pili lilifuata kimyakimya. Machipukizi mapya yalipoinuka baada ya mkato, yalifungwa wima, yamenyooka kama askari gwaride. Tawi likisimama wima, chipukizi la nchani hutuma homoni ya auksini chini na kuyanyamazisha macho yaliyo nyuma yake. Maua hukusanyika kileleni, anayepita chini anaona miiba. Lilaze tawi hilohilo, na macho huamka karibu urefu wake wote, kila moja likitoa kitawi chenye maua.

Mtunza bustani Jack Vass aliyajua haya bila kuhitaji semina. Alipofika Sissinghurst mwaka 1939, bustani ya Vita Sackville-West hukohuko Kent, alikuja na mbinu aliyoitoa bustani ya Cliveden: fito za mti wa Ulaya uitwao hazeli zinapindwa kuwa matao na kuchomekwa ardhini, kisha matawi ya waridi yanainamishwa na kufungwa juu yake. Yalikuwa mawaridi ya vichaka, lakini kanuni ni ileile, na Sissinghurst wangali wanaifuata. Naye Heather Muir, aliyepanda mtambazi wake Kiftsgate Court mwaka 1938, aliuacha upande mti mkubwa ulio jirani. Mmea huo ndio uliozaa aina iitwayo 'Kiftsgate', na hakuna aliyewahi kuushusha hadi gotini.

Machipukizi ya Kent sasa yamefika mabegani mwa mtu, bado laini, rangi ya shaba. Yanaweza kulazwa kabla hayajakomaa na kuwa mti. Glavu nene zitahitajika, maana miiba ya 'Albertine' imepinda kama kulabu na haimwachi mtu. Wiki iliyopita kamba zilikuwa palepale, zimekazwa wima, na mkasi umetundikwa kwenye msumari mlangoni mwa kibanda, umetiwa mafuta, tayari.