Steringi Hafi: Sauti ya Msimulizi wa Filamu kati ya Loresho na Kibagare

Loresho ni mtaa wa nyumba za ua na bustani ulioko magharibi mwa Nairobi, karibu na kampasi za Chuo Kikuu cha Nairobi za Kabete. Umepakana na Kibagare, kijiji cha mabanda yaliyobanana bondeni, na si mbali na hapo, kando ya Barabara ya Waiyaki, pana Kangemi. Wengi wa wanaolinda malango ya Loresho, wanaopika jikoni mwake na kupalilia maua yake, hurejea jioni katika mitaa hiyo miwili. Filamu moja ya Hollywood yaweza kutazamwa usiku mmoja katika pande zote mbili. Upande wa juu hutazamwa sebuleni kwa Kiingereza chake. Upande wa chini, katika kibanda cha video au katika simu ya askari aliyeketi langoni, filamu ile ile huwa na sauti ya pili iliyolazwa juu ya ile ya kwanza: sauti ya mtu mmoja anayesimulia, anayefasiri, anayedhihaki, anayeonya na kushangilia kwa Kiswahili na Sheng'. Ushabiki unaoandamana na filamu hizi umelalamikiwa na wazazi, walimu na wahubiri kwa miaka mingi. Uhakiki wake ni haba.

Nchini Kenya, msimulizi anayejulikana zaidi katika uwanja huu ni DJ Afro, ambaye kazi zake zilienea kwa santuri za DVD za bei nafuu, zikachezwa vibandani na katika mabasi ya safari ndefu, kisha zikahamia katika simu. Hayuko peke yake, wala sanaa hii haikuzaliwa Nairobi pekee. Kampala ina wasimulizi wake wanaotumia Kiganda, maarufu miongoni mwao akiwa VJ Jingo. Tanzania ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye usimulizi wake uliuzwa katika kanda za VHS. Mwanaanthropolojia Matthias Krings aliwachunguza wasimulizi wa Tanzania katika kitabu chake African Appropriations (2015), na ni jambo la kutafakariwa kwamba uchunguzi huo ulifanywa na mtu wa idara ya anthropolojia nchini Ujerumani ilhali idara za fasihi za Afrika Mashariki zilikuwa karibu zaidi na vibanda hivyo.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu ushabiki wa filamu za mapigano ni kwamba mtazamaji ni chombo kitupu kinachojazwa. Maelezo haya yana ukoo wa heshima. Adorno na Horkheimer, katika sura yao mashuhuri kuhusu viwanda vya utamaduni iliyochapishwa miaka ya 1940, waliona kwamba filamu ya sauti haimwachii mtazamaji nafasi ya kuwaza. Wahakiki wa Kiafrika waliofuata mkabala wa ukoloni mamboleo wakaongeza kwamba chombo hicho hujazwa ushujaa wa mzungu. Hoja hizi zina uzito, na hazipaswi kutupwa kwa sababu tu zimezeeka. Kasoro yake ni moja: zote huchukulia kwamba kilichoko kibandani ni filamu iliyotoka kiwandani. Karin Barber, katika makala yake ya mwaka 1987 kuhusu sanaa pendwa za Afrika, alisisitiza kwamba sanaa za namna hii hazina budi kusomwa kwa kuangalia watu wanaozitenda na wanaozitumia. Anayeingia kibandani na kusikiliza hugundua upesi kwamba Hollywood imeleta picha tu. Masimulizi ni ya mtu mwingine.

Ushahidi wa kwanza ni neno lenyewe la mashabiki. Mwigizaji mkuu huitwa steringi, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, na kanuni ya kwanza ya ushabiki ni kwamba steringi hafi. Mtoto wa Kangemi huijua kanuni hii kabla hajajua kusoma majina yaliyoandikwa mwishoni mwa filamu. Kwa juu juu, hapa ndipo mhakiki wa fasihi simulizi anapovutwa kusema kwamba steringi ni shujaa wa jadi aliyevaa miwani ya jua. Ulinganisho huu ni wa haraka mno. Fumo Liyongo hufa, tena kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe. Lwanda Magere wa Waluo hufa kivuli chake kinapochomwa, baada ya siri yake kutolewa na mke aliyeletwa kutoka kwa adui. Shujaa wa tendi na visakale vya eneo hili hubeba siri ya kifo chake mwilini, na hadhira humlilia kwa kuwa mtu wa nyumbani ndiye anayeitoa siri hiyo. Steringi hana siri wala nyumba. Ana bunduki, na risasi za maadui humkwepa.

Kanuni ya kwamba steringi hafi, hata hivyo, ina matokeo ambayo hayajaangaliwa vya kutosha. Ikiwa mwisho unajulikana, taharuki ya kisa imekwisha kuuawa kabla ya filamu kuanza. Hadhira haimo kibandani ili ijue litakalotokea. Imo humo ili isikie litakavyosemwa, na kwa hiyo uzito wote wa utendaji huhama kutoka katika msuko hadi katika ulimi wa msimulizi. Si ajabu kusikia filamu ikiitwa "ya Afro" bila kutajwa mwigizaji wala mwelekezi wake.

Ichukuliwe filamu ya Commando (1985), ambayo Arnold Schwarzenegger anaigiza mwanajeshi mstaafu, John Matrix, aliyetekwa binti yake na watu wanaotaka amuue rais wa nchi iitwayo Val Verde. Nchi hiyo haipo katika ramani yoyote. Waandishi wa filamu waliibuni ili iwe mahali popote pa kusini mwa Marekani penye joto, majemadari na mapinduzi. Msimulizi anayeipa nchi kama hiyo jina la mahali panapojulikana na hadhira yake, au anayewapa maadui wa Matrix majina ya watu wa mtaani, haivunji kweli yoyote ya filamu, maana hapakuwa na kweli ya kuvunjwa. Mahali hapo paliachwa wazi na wenye filamu, naye amepajaza. Kisha kuna ile sehemu mashuhuri inayotangulia vita vya mwisho, Matrix anapojifunga mikanda na visu na kujipaka rangi usoni bila kutamka neno. Sebuleni Loresho, kimya hicho hupita kwa muziki na picha. Kwa msimulizi, kimya ni malisho. Hapo ndipo anapoweza kutaja silaha moja moja, kumsifu steringi kwa majigambo, kuwaonea maadui huruma ya mzaha, kumtania mtazamaji anayesinzia. Sehemu ambayo tafsiri ya kawaida haina la kufanya nayo, kwa kuwa hakuna maneno ya kutafsiriwa, ndiyo inayompa nafasi kubwa kuliko zote. Hii yatosha kuonyesha kwamba jina la "mtafsiri" halimfai.

Jina la "mtambaji" nalo linamfaa kwa kiasi tu. Mtambaji wa ngano hukabili hadhira yake ana kwa ana. Huanza kwa paukwa na kungoja pakawa. Msimulizi wa filamu hurekodi peke yake, akiwa amefungiwa ndani ya muda wa picha ambao hawezi kuurefusha. Akichelewa sekunde mbili, adui ameshaanguka. Nidhamu hii ya wakati haina mfano kamili katika ngano. Iko karibu zaidi na kazi ya mtangazaji wa kandanda redioni. Walter Ong, katika Orality and Literacy (1982), alizungumzia usemaji wa awamu ya pili unaotegemea mitambo ya kisasa. Hata hivyo hali ya kibandani ina tabaka moja zaidi: hadhira hujibu, ikabishana na sauti iliyorekodiwa, ikaikosoa, na mara nyingine mchangamfu mmoja akaanza kusimulia juu ya msimulizi. Sauti zinakuwa tatu, na Kiingereza cha Hollywood ndicho kilicho chini kabisa, kikisikika kama mtu anayenong'ona chumba cha pili.

Mpangilio huo wa sauti una historia. Kati ya 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu kuhusu kilimo, afya, kodi na kuweka akiba, ukazitembeza kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Picha zilikuwa zile zile. Maneno yaliambatanishwa kwa santuri na kubadilishwa kufuatana na lugha ya mahali. Baadaye magari ya sinema ya serikali yalikuwa na wafafanuzi waliosimama kando ya kitambaa cheupe na kuieleza hadhira inachokiona. Mfafanuzi huyo aliwekwa pale ili maana isiponyoke. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba filamu ya minyoo inabaki kuwa filamu ya minyoo. Msimulizi wa leo amesimama mahali pale pale, kati ya picha na watu, lakini hakuajiriwa na mwenye picha. Nchini Japani, wasimulizi wa filamu bubu walioitwa benshi waliondolewa na ujio wa filamu za sauti katika miaka ya 1930. Afrika Mashariki mambo yaligeuka: ni maneno ya filamu, yaliyokuja kwa lugha ya bwana, yaliyomfanya msimulizi kuwa wa lazima.

Haifai, lakini, kumpamba. Hadhira ya kibandani aghalabu ni ya wanaume, na mzaha unaowafurahisha wanaume waliokusanyika gizani mara nyingi huangukia mwili wa mwanamke. Mwigizaji wa kike ambaye katika filamu yenyewe ana akili na ujasiri aweza kupunguzwa na sauti ya pili kuwa kiuno na miguu. Huu ni uhakiki mbaya wa filamu, unaofanywa ndani ya filamu, na mhakiki hana sababu ya kuusamehe kwa kuwa tu umetoka kwa wanyonge.

Ushabiki wa wanawake na wa nyumba nzima umekuwa na njia nyingine, kutoka Tausi ya KBC miaka ya 1990, kupitia tamthilia za Meksiko, hadi Maria, tamthilia ya Kiswahili ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan iliyoonyeshwa na Citizen TV kati ya 2019 na 2021. Maria ni yatima wa mtaa wa mabanda anayechukuliwa na familia ya kitajiri na kumpenda kijana wa nyumba hiyo. Ramani ya tamthilia hiyo ni Kibagare na Loresho bila kutajwa majina, na yamkini ndiyo maana ilitazamwa kwa hamu pande zote za ua. Inachomwahidi shabiki ni kupita lango kwa njia ya mapenzi. Filamu iliyosimuliwa haimwahidi kupita popote. Humwacha alipo, nje ya lango, ikamkabidhi mali ya walio ndani aizungumzie apendavyo. Ipi kati ya hizi mbili ndiyo yenye kulewesha zaidi ni swali ambalo wanaozilaumu filamu za mapigano hawajalijibu.

Walio juu ya mlima nao wana njaa yao. Black Panther ilipofika Kenya mnamo Februari 2018, onyesho lake la kwanza lilifanyika Kisumu, mji wa jamaa za Lupita Nyong'o, na mashabiki wa tabaka la kati waliipokea kama jambo lao wenyewe. Hata hivyo watu wa Wakanda, wanapoacha Kiingereza, huzungumza Kixhosa, na shujaa wao aliandikwa na kuchorwa kwanza Marekani katika mwaka 1966. Shabiki aliyetoka Loresho kwenda kuitazama alilipa ili apewe Uafrika uliokwisha kutengenezwa. Jirani yake wa bondeni, ambaye hakutengenezewa chochote, alikwisha kuzoea kusikia filamu zikifanywa zake kwa sauti tu.

Kisheria, msimulizi ni mhalifu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haimruhusu kuichukua kazi ya mtu, kuibadilisha na kuiuza, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ina mamlaka yake kuhusu kinachoonyeshwa hadharani. Hilo ni la wanasheria. La idara za fasihi ni zito zaidi. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe na fasihi simulizi ipewe nafasi yake katikati ya masomo. Waraka ule ulisema kwamba sanaa ya mdomo i hai na hujibu mambo mapya. Kilichofuata, katika mitihani mingi, ni orodha za vipera: ngano, visasili, vitendawili, methali, kila kimoja na sifa zake, kana kwamba mdomo ulifungwa siku umeme ulipoingia kijijini. Mwanafunzi anayeshuka kutoka Kabete jioni hupita kando ya vibanda akiwa na daftari lenye sifa sita za mtambaji bora, na ndani ya kibanda mtambaji anaendelea.

Kuna ugumu wa kimbinu usioweza kukwepwa. Matini ya kuhakikiwa ni ipi? Filamu ya kiwandani ina mwaka, mwelekezi na nakala zilizohifadhiwa. Santuri ya filamu iliyosimuliwa aghalabu haina tarehe. Msimulizi mmoja aweza kuirudia filamu ile ile kwa maneno mengine baada ya miaka, na nakala ya kwanza ikatoweka. Kanda za VHS za kizazi cha Lufufu zinaoza kwa unyevu. Santuri zilizouzwa Kangemi zimekwaruzwa hadi kukwama katikati, na wenye vibanda wakishapata faili mpya huzitupa pamoja na makasha yake, yenye jina la msimulizi limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito.