Mtihani Usio na Sikio

Kila jamii ina namna zake za kumpima kijana ili ijulikane amefika wapi. Wazee wetu nao walikuwa na mtihani wao wa lugha. Ulifanywa jioni, baada ya chakula, pasipo karatasi wala msimamizi. Mmoja alisema, "Kitendawili!" na wengine wakaitika, "Tega!" Tangu hapo sikio ndilo lililokuwa kazini. Mtoto aliyeambiwa "nyumba yangu haina mlango" alipaswa kuyasikia maneno yote, maana ile "ha" ya ukanushi ikimpita, yai nalo limempita. Alipaswa kuijua maana ya nyumba na ya mlango, ile ya wazi na ile ya ndani. Tena alipaswa kuutambua muundo wa sentensi yenyewe. Kusikia, sarufi na msamiati vilipimwa kwa pamoja, kwa pumzi moja. Na aliyeshindwa alitoa mji, akapewa jibu papo hapo. Kwa hiyo kushindwa kwenyewe kulikuwa somo.

Makala haya yakusudia kuutazama mtihani mwingine, ule wa Kiingereza wanaoufanya vijana wetu wa sekondari waliokwisha kuvuka misingi ya lugha hiyo, na kuuhakiki kama tunavyohakiki shairi au tamthilia. Maana mtihani nao ni maandishi. Una mtunzi, una hadhira, una umbo, na juu ya yote una mambo unayoyaona kuwa ya thamani na mambo unayoyapuuza. Kama shairi laweza kulaumiwa kwa kupungukiwa na mizani, mtihani nao waweza kulaumiwa kwa kupungukiwa na sikio.

Kwanza tukumbuke asili ya umbo hili. Shule zetu za sekondari zilianza kwa mitihani ya Cambridge. Baadaye likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ambalo Tanzania ilijitoa mwaka 1971. Na mwaka 1973 likaundwa kwa sheria Baraza la Mitihani la Tanzania. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa, nayo yalistahili. Jiografia ikawa ya mito yetu, historia ikawa ya mababu zetu. Lakini katika somo la Kiingereza umbo halikubadilika kwa kiasi hicho. Limebaki karatasi ya kusoma na kuandika: fahamu ufahamu, jaza nafasi, badili sentensi, tunga insha. Mwanafunzi aweza kuingia chumbani, akakaa saa zote zilizowekwa, akatoka na alama nzuri, pasipo kusikia sentensi hata moja ya lugha anayopimwa.

Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe, walipoanza kuwapima wageni, hawakufanya hivyo. Mwaka 1913 Cambridge ilipofanya kwa mara ya kwanza mtihani wa ustadi wa Kiingereza kwa watu wa mataifa mengine, ndani yake mlikuwamo imla, kusoma kwa sauti na mazungumzo. Watahiniwa walikuwa watatu, na hakufaulu hata mmoja. Basi umbo la karatasi tupu si sharti la lugha hiyo. Ni mazoea tu, na mazoea hukaguliwa.

Sasa tuipeleke hoja hii mahali panapojulikana. Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ina miji miwili ya kufaa mfano wetu. Mji wa Kilosa umekaa kando ya mto Mkondoa, katika njia ya reli ya kati; jirani yake ni mashamba ya mkonge ya Kimamba na utafiti wa kilimo wa Ilonga. Mikumi iko kusini, katika barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, mlangoni mwa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Wasagara, Wavidunda, Wakaguru na wengine wengi waliohamia hapo huzungumza Kiswahili sokoni, shambani na ofisini. Vijana wa miji hii miwili huketi mbele ya karatasi moja, siku moja, saa moja.

Lakini masikio yao si mamoja. Kijana wa Mikumi hupata nafasi ya kusikia Kiingereza kikisemwa: mgeni aulizaye njia ya hifadhini, dereva wa lori la ng'ambo ya mpaka, mwongozaji wa watalii aelezaye habari za tembo. Si Kiingereza chote kizuri, wala si vijana wote wakisikiao. Hata hivyo sikio halilali njaa. Kijana wa Kilosa, na zaidi yule wa vijiji vya ndani, kwa kawaida humsikia mwalimu wake peke yake, naye mwalimu mara nyingi hulazimika kueleza kwa Kiswahili ili somo lieleweke. Karatasi ya mtihani haiujui utajiri wa yule wa kwanza wala umaskini wa huyu wa pili. Kijana wa Mikumi asikiaye vema lakini akosaye tahajia huandikwa hajui. Kijana wa Kilosa aliyekariri kanuni na orodha za vinyume huandikwa anajua, hata siku mgeni atakapomsemesha akabaki kumtazama midomo. Wote wawili wamedhulumiwa, kila mmoja kwa namna yake.

Pengine msomaji atasema: kusikia ni jambo la nyongeza, sarufi ndiyo mzizi. Hapa ndipo penye kosa kubwa, na yafaa tukae kitako tulifafanue. Katika Kiswahili, wakati wa kitendo hukaa mwanzoni mwa kitenzi, nao una irabu yake inayosikika: alifika, amefika, atafika. Mtoto wetu amezoea tangu titi la mama kutega sikio kwenye kichwa cha neno. Kiingereza huweka mambo hayo mkiani. Kati ya "walk" na "walked" pana konsonanti moja tu, haina irabu ya kuibeba, tena hupita kama cheche. Kati ya "he walk", ambalo ni kosa, na "he walks", ambalo ni sahihi, pana "s" moja tu. Sikio lililolelewa na silabi zinazoishia kwa irabu huuacha mkia huo upotee, nao ndio uliobeba sarufi. Zaidi ya hayo, Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kiingereza, kwa hesabu ya kawaida ya matamshi ya Uingereza, kina sauti za irabu zipatazo 20. Ndiyo sababu "ship" na "sheep", meli na kondoo, huingia katika sikio letu kwa mlango mmoja.

Basi mwanafunzi anapoandika kwamba jana mtu fulani "walk", mwalimu hupiga msalaba na kusema, hajui wakati uliopita. Yawezekana kanuni anaijua na aweza kuighani toka mwanzo hadi mwisho. Asichonacho ni sauti yake. Mwingine huandika sentensi yenye maana ya "amekuja jana" kwa wakati timilifu, jambo ambalo Kiingereza hukataa, lakini mazungumzo yetu ya kila siku huliruhusu. Huyu sikio lake ni zima. Anachokifuata ni mantiki ya Kiswahili. Wagonjwa wawili wana homa, mmoja malaria na mwingine homa ya matumbo. Mtihani wa karatasi huwapima joto tu, kisha ukawaandikia dawa moja.

Msamiati nao una hadithi yake. Kilosa ni mji wa reli, na reli ilileta maneno: reli yenyewe, stesheni, tiketi, injini. Yote ni Kiingereza kilichovaa kanzu ya Kiswahili. Kijana huyatumia tangu utotoni, lakini yakisemwa kwa sauti ya kwao hayatambui, kama mtu asiyemtambua ndugu yake aliyebadili mavazi. Mengine yamebadili hata tabia. Pale Mikumi kando ya barabara, mtu akisema anakwenda hotelini, huenda anakwenda kula wali na maharage. Kwa Mwingereza "hotel" ni mahali pa kulala. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "hotel" ni hoteli hajadanganya, ila hajajua nusu. Neno hupimwa ndani ya mazungumzo, mahali linapofanya kazi. Likiwekwa peke yake katika orodha, ni kama mkulima apimwaye kwa kuulizwa majina ya majembe.

Haya si mashaka ya mtu mmoja. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makwetta, ilipendekeza masomo ya sekondari yaanze kufundishwa kwa Kiswahili. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wetu wa ngazi mbalimbali, kwa sehemu kubwa kwa njia ya kujaza maneno yaliyofutwa katika habari. Waliona kuwa ni kiasi cha mmoja tu kati ya kumi wa kidato cha nne aliyefikia kiwango cha kuweza hata kuanza kusoma masomo kwa lugha hiyo. Pendekezo la Tume halikutekelezwa, na hadi leo masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Hivyo mtihani wa Kiingereza haumalizikii katika Kiingereza. Mwanafunzi wa Kilosa aijuaye kichocho kwa kuwa ameiona mtoni, akishindwa swali la biolojia kwa sababu ya neno asilolielewa, alama yake husema hajui kichocho. Hapo mtihani umesema uongo juu ya mtoto, nao uongo huo huandikwa katika cheti na kumfuata maisha yake yote.

Wapo watakaosema kwamba kupima kusikia kwahitaji mashine, umeme na sauti zilizorekodiwa Ulaya. Ulaya iliyo karibu nasi ni ile ya Kilosa, iliyo katika njia ya kwenda Mikumi, nayo yatutosha. Sauti ya mwalimu wa Kitanzania asemaye Kiingereza safi ni sauti halali ya Kiingereza. Kijana wetu atakisikia Kiingereza kwa Mzambia, kwa Mkenya na kwa Mhindi mara nyingi kuliko atakavyokisikia kwa mtu wa London.

Chombo tunacho, nacho ni imla. Ila isiwe ile ya zamani iliyokuwa fimbo ya tahajia. Mwalimu atunge habari fupi ya jambo linalojulikana: mafuriko ya Mkondoa, safari ya treni, ng'ombe walioingia shambani. Aisome mara mbili kwa mwendo wa kawaida wa mazungumzo. Wanafunzi waandike maneno wanayoyanasa tu, kisha wawili wawili waijenge upya habari nzima. Atakaposahihisha, asitoe alama moja; aandike katika safu tatu. Kama sentensi nzima imekosekana, hilo ni la sikio. Kama maneno yapo lakini mikia ya vitenzi imekatika, aulize kwanza kwa mdomo: akijibu sawa, kanuni anayo, sikio ndilo lililomwangusha, akikosa, ni sarufi. Kama mwanafunzi ameweka neno lingine lenye maana ile ile, msamiati wake ni mpana, asipigwe msalaba. Na mwisho mwalimu aisome tena habari, kila mmoja asikie alipojikwaa. Huko ndiko kutoa mji na kupewa jibu.

Wengine watauliza haki itapatikanaje kama kila shule ina msomaji wake. Swali ni zuri. Lakini tangu Azimio la Musoma la mwaka 1974 taifa hili lilikubali kwamba mwanafunzi asihukumiwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, bali kazi zake za shuleni nazo zihesabiwe. Mlango umekwisha kufunguliwa. Kinachotakiwa ni kusikia kuingie kwa mlango huo, kwanza darasani, na baadaye, uzoefu ukipatikana, katika mtihani wenyewe.

Wala mtu asidhani kwamba kukipima vema Kiingereza ni kukipunguzia Kiswahili heshima. Kinyume chake ndicho kweli. Mwalimu Nyerere, aliyeiandika upya Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963, na The Merchant of Venice mwaka 1969, hakuweza kuifanya kazi hiyo kwa orodha ya vinyume. Alikisikia Kiingereza hata akajua mahali kinapopumua, ndipo akakitafutia pumzi yake katika Kiswahili. Kipimo cha kweli kikionyesha kwamba vijana wetu wanaweza, tutafurahi. Kikionyesha kwamba hawawezi, tutakuwa na ukweli wa kuamulia lugha ya kufundishia, badala ya kujifariji kwa alama.

Ndugu walimu, karatasi itabaki, nayo ina kazi yake. Lakini kabla hamjamwambia mtoto wa Kilosa au wa Mikumi kwamba hajui, hakikisheni kwanza kwamba amesikia. Wazee wetu hawakumtegea kitendawili mtu aliyekuwa mbali asiisikie sauti yao. Walimwita kwanza karibu na moto.